Mgonjwa kwa Mujibu wa Karatasi

Cheti changu cha kompyuta kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni akishakaa hana pengine pa kutazama. Nilikipata nina miaka sitini na tisa, katika darasa la jioni lililojaa vijana. Mwalimu alikuwa akiwaambia, kila walipochelewa, "Mwangalieni mzee huyu." Nakitaja mapema kwa sababu ndicho kilichonitia matatani.

Nyumba yetu iko Al-Nuzha, hapa Jedda. Tunakaa wawili, mimi Ghalib na dada yangu Mashavu, aliyenitangulia duniani kwa miaka sita na hajanisamehe kwa kuchelewa. Tulitoka Unguja pamoja mwaka wa sitini na nne. Mchana nilikuwa mchukuzi Balad, mji mkongwe wa Jedda, nikipandisha marobota ya vitambaa kwenye ngazi za nyumba za mawe. Jioni nilikwenda kusoma. Nilianza na alifu nikiwa na ndevu. Miaka minane baadaye nilikuwa karani wa ghala, na marobota yaleyale nikawa nayaandika badala ya kuyabeba. Mashavu alifiwa na mumewe, mimi nikafiwa na mke wangu, na tangu hapo tunagombana chini ya dari moja kwa amani kabisa.

Mwaka juzi, yaani 2016, Mashavu alianguka bafuni akavunjika nyonga. Nyonga iliunga, lakini iliunga kwa masharti. Mwanangu Ziyad, mhandisi anayeishi Riyadh, akaja, akatukalisha sebuleni chini ya cheti.

"Baba," alisema, "ama apatikane mtu wa kumhudumia shangazi, ama namchukua Riyadh. Halas, basi."

"Riyadh sina shoga hata mmoja," alisema Mashavu. "Nikafe nikitazama ukuta wa watu?"

"Na mimi?" nikauliza.

"Na wewe pia, ukipenda."

"Mimi si mzigo wa kuchukuliwa. Nimekuwa mchukuzi, tofauti naijua."

Mashavu akagonga bakora yake sakafuni. "Na huyo mhudumu simtaki. Akija mtu kunishikashika, nitamfukuza kwa hii. Mhudumu ni wa mgonjwa. Mimi mgonjwa?"

Ziyad alitutazama kwa zamu. "Nawapa hadi Ramadhani," alisema. "Akipatikana mtu, na shangazi akakubali kukaa naye, mimi sina neno. La sivyo nakuja na gari. Hizo fomu nitajaza mimi."

"Fomu nitajaza mwenyewe," nikasema, nikainua kidole kuelekea juu ya televisheni.

Alinifungulia njia ya kuingilia kwenye mtandao wa serikali, akaandika namba yake ya simu ili isiwe kazi kwangu, akaondoka.

Masharti ya kuleta mhudumu wa mzee hayakuwa magumu kwa mtu aliyezoea makaratasi. Mwombaji, ambaye ndiye kafili, mdhamini wa mfanyakazi mbele ya serikali, aonyeshe kitambulisho, aonyeshe makazi, kisha aambatishe taarifa ya daktari inayosema kwamba katika nyumba hiyo yumo mzee asiyejiweza peke yake. Taarifa hiyo nilikuwa nayo ndani ya bahasha ya kaki. Tatizo ni kwamba ndani ya bahasha hiyo taarifa zilikuwa mbili.

Siku niliyompeleka Mashavu hospitali alimwambia daktari, "Mpime na huyu. Anapanda ngazi kama anayehesabu dhambi zake." Daktari, kijana mwenye muda mwingi kuliko adabu, akanipima kweli. Akaandika kurasa mbili. Nilizisoma mara moja, kwa Kiingereza changu cha darasa la jioni, nikazikunja, nikazitia chini kabisa ya bahasha, na sikumwambia mtu. Zilisema magoti yote mawili yamelika, nikisimama ghafla nashikwa na kizunguzungu, nisitembee mwendo mrefu bila msaidizi. Ukurasa wa pili ulisema nahitaji mtu wa kunisaidia kila siku. Niliona kijana yule amezidisha chumvi.

Sasa, bahasha haina chini wala juu, inategemea aliyeishika. Niliipeleka kwenye duka la fotokopi kule Sharafiya ili karatasi ziingizwe kwenye kompyuta.

"Ami, ni ipi?" aliuliza kijana wa dukani.

"Ya juu."

"Hutaiangalia kwanza?"

"Kijana, nimeshaisoma."

Nikarudi nyumbani nikamalizia fomu kwa vidole vyangu vyote kumi, kama nilivyofundishwa. Mahali palipoandikwa kituo, palikuwa na Riyadh, Jedda na Dammam. Nikafikiri wanauliza jalada liende wapi kushughulikiwa. Mambo makubwa huenda mji mkuu. Nikabonyeza Riyadh.

Viza ilitoka. Sikumwambia Mashavu chochote, ila nilitembea nyumbani kwa siku tatu nimeweka mikono nyuma.

Wakala mmoja wa Sharafiya akanitafutia watu kutoka Kenya, na akanipa nafasi ya kuzungumza nao kwa simu ya picha. Nilikwenda na maswali matatu niliyoyaandika, kila moja na alama zake. Wa tatu kuzungumza naye alikuwa Truphena, mwanamke wa miaka thelathini na minne kutoka Vihiga, aliyemuuguza bibi yake kwa miaka minane.

"Mzee akikataa kunywa dawa, utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitamwacha."

"Utamwacha?"

"Nitamwacha akunywe chai kwanza, baba. Dawa iko hapo kando ya kikombe. Akimaliza chai atakuwa amesahau alikataa nini."

Nilimpa alama tisa kwa kumi. Moja niliizuia ili asijione.

Wiki sita baadaye, Jumanne, wakala akanipigia. "Hongera, ami. Mhudumu wako anafika keshokutwa Riyadh."

"Riyadh? Mimi nipo Jedda."

"Ndivyo ulivyojaza. Na sharti apokelewe na kafili mwenyewe, au mtu mwenye barua ya uwakala. Asipopokelewa atarudishwa alikotoka, na viza ndiyo imekwisha."

Barua ya uwakala angeweza kuipata Ziyad. Nilishika simu. Nikaona uso wake atakaponiuliza, "Baba, kwani fomu ulijaza na nani?" Nikaiweka simu chini, nikakata tiketi.

Alhamisi asubuhi nilimwita jirani yetu Lina, mjukuu wa watu wa Malindi ya Unguja, aje akae na Mashavu. Nikasema naenda Balad kutengeneza viatu.

"Balad?" alisema Mashavu, akitazama kanzu yangu iliyopigwa pasi mara mbili, na kitambulisho kinachochungulia mfukoni. "Siku hizi mshona viatu anataka kitambulisho?"

"Ni mshona viatu mkubwa," nikasema, nikatoka.

Uwanja wa ndege wa Riyadh ulijengwa na watu wasiokuwa na magoti. Kutoka lango nililoshukia hadi kwenye ukumbi wanaposubiri wafanyakazi wa majumbani nilipumzika mara nne, kila mara nikijifanya nasoma tangazo. Nilisoma tangazo moja la manukato hadi nikalijua kwa moyo. Nilipofika, kofia imelowa, na ukumbi ulikuwa ukiinama kidogo upande wa kushoto.

Kina mama na mabinti walikuwa wamekaa kwa safu, kila mmoja na begi lake mapajani, wakimtazama kila anayeingia. Kwenye dirisha alikuwapo afisa, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole. Nikampa kitambulisho. Akaangalia kioo cha kompyuta yake, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kioo.

"Karibu, mzee. Mgonjwa yuko wapi?"

"Jedda, nyumbani."

"Hapa mgonjwa ni Ghalib."

"Ghalib ni mimi. Mimi ni kafili."

"Kafili ni wewe," alisema polepole, "na mgonjwa ni wewe."

"Si mimi. Ni dada yangu."

Akageuza kioo. Nikayaona magoti yangu yakiwa mali ya serikali. Taarifa yangu ilikuwapo yote, kurasa zote mbili, na sahihi ya yule kijana chini.

"Sikiliza, mzee wangu," alisema afisa. "Kama taarifa hii si yako, basi ombi limesimama juu ya karatasi isiyo sahihi, na mimi siwezi kumtoa huyu mama. Itabidi arudi, uanze upya. Kama ni yako na ni kweli, tia sahihi umchukue. Nakuuliza swali moja tu. Ni yako au si yako?"

Katika maisha yangu nimefanya mitihani mingi, na sikuwahi kuombwa jibu la neno moja nikashindwa. Nikisema si yangu, Truphena anarudi Vihiga, na Mashavu anakuja kutazama ukuta hapahapa Riyadh. Nikisema ni yangu, nimesema.

"Baba Ghalib?"

Nikageuka. Alikuwa Truphena, mfupi kuliko alivyokuwa kwenye simu, na kitambaa cha kijani kichwani. Mkononi alikuwa na bahasha aliyopewa na wakala Nairobi.

"Ni wewe mgonjwa wangu," alisema. "Nimesoma report yako kwa ndege. Sasa mbona umesimama?"

"Nimesimama kwa sababu mimi ni mzima."

"Sawa."

Akaenda kando, akarudi anasukuma kiti cha magurudumu.

"Hicho sikikalii," nikamwambia.

"Nani amesema ukalie? Hata mimi sijasema. Nishikie tu begi nitafute chai, nimetoka Nairobi na koo imekauka."

Akanikabidhi begi. Sijui alikuwa amebeba nini, labda mawe ya Vihiga. Nililishika kwa mkono mmoja, kisha miwili. Mchukuzi wa Balad hawezi kuweka begi la mwanamke chini, mbele ya watu. Nikatafuta pa kuliegemeza, na palipokuwa karibu ni mapaja yangu, na mapaja hayapatikani mpaka mtu akae. Alipogeuka, nilikuwa nimekaa.

Chai hakuitafuta. Alikuwa amesimama palepale, anafunga breki za kiti. Hapo nikakumbuka zile alama tisa, nikatambua kwamba ile moja nayo nilikuwa nimemzuilia bure.

Na lazima niseme ukweli mwingine. Ukumbi uliacha kuinama.

"Mzee," alisema afisa kwa upole uleule, "ni yako?"

"Ni yangu," nikasema. "Yote. Hata ukurasa wa pili."

Nikatia sahihi, ile ndefu ya ukarani, yenye mkia.

Tulipotoka mlangoni, mimi kwenye kiti, begi mapajani, Truphena anasukuma, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mwanangu Ziyad. Nilikuwa nimesahau kwamba namba iliyo kwenye mtandao ni yake. Serikali ilikuwa imempelekea ujumbe asubuhi ileile kwamba mhudumu wa baba yake anafika.

Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kiti. Kisha akainama, akabusu mkono wangu, na nikaona mabega yake yanatikisika.

"Unalia?" nikamuuliza.

"Nacheka, baba. Miaka mitano nakuomba ushike fimbo tu. Fimbo. Huyu mama amekukalisha kwa muda gani?"

"Dakika tatu," alisema Truphena. "Zingekuwa mbili, lakini begi alilishika kwanza kwa mkono mmoja."

Nikamweleza Ziyad kila kitu, bahasha na kituo, kwa sababu mtu aliyekwisha kukaa hana tena cha kuficha. Kicheko kikamwisha kidogo kidogo.

"Kwa hiyo huyu ni mhudumu wako," alisema. "Wa shangazi hayupo. Basi baba, shangazi nitamchukua tu. Ahadi ni ahadi."

"Mashavu akija huku atanyauka. Unajua."

"Najua. Lakini nani atamnyanyua? Wewe, na magoti haya? Na mhudumu mwenyewe hamtaki, amesema atamtoa kwa bakora."

"Pengine tukimweleza huyu mama taratibu..."

"Nyinyi mnajua mimi nasikia Kiswahili?" aliuliza Truphena nyuma yangu.

Kwa kweli tulikuwa tumesahau. Nusu karne tumezoea kukitumia Kiswahili kama mlango wa kufunga wengine nje.

Akaja mbele akachuchumaa, macho yake sawa na yangu. "Mkataba wangu unasema mzee mmoja. Rafiki yangu Selipher aliambiwa ni nyanya mmoja mzee, akafika akapata nyanya, watoto saba na mbuzi. Kwa hivyo mniambie ukweli. Huyo shangazi yukoje?"

"Nyonga yake haina nguvu," nikasema. "Akili yake ina nguvu kupita kiasi. Hataki kuitwa mgonjwa."

"Kama wewe."

"Mimi nimeshaitwa."

Akafikiri. "Nitamwangalia kwanza. Nikikubali, ni kwa kuandika, mkataba mwingine, wazee wawili. Pasipoti nakaa nayo mwenyewe, simu nakaa nayo mwenyewe, na Ijumaa mchana mzima ni yangu."

"Sawa kabisa," alisema Ziyad. "Lakini sharti langu kwa baba halijabadilika. Ramadhani imebakiza mwezi na nusu. Shangazi akimfukuza, nakuja na gari."

Ndege ya kurudi nilipanda kwa lifti ya wagonjwa, kabla ya watu wote. Naiandika hapa kwa faida ya wenzangu wenye kiburi: unapata dirisha.

Njiani nilitunga hotuba ya kumwambia Mashavu. Ilikuwa na utangulizi, hoja tatu na hitimisho. Nikafika mlangoni nimeshikilia mkono wa Truphena, nikamkuta dada yangu amekaa wima kitini, bakora magotini, Lina pembeni yake.

"Viatu vimetengenezwa?" alisema Mashavu. Kisha akamwona Truphena, na vidole vikaifumbata bakora. "Na huyu nani?"

Nikafungua kinywa kwa ule utangulizi. Truphena akaniwahi.

"Shikamoo, bibi. Mimi nimeletwa kumwangalia baba Ghalib. Yeye ni mgonjwa."

"Nani mgonjwa?"

"Yeye. Imeandikwa." Akatoa karatasi kwenye bahasha.

Mashavu akampa Lina aisome. Lina, aliyesoma Kiingereza chuo kikuu, akaisoma akiitafsiri kituo kwa kituo. Magoti yaliyolika. Kizunguzungu. Asitembee mwendo mrefu bila msaidizi.

"Rudia hapo pa magoti," alisema Mashavu.

Lina akarudia.

"Na chini kuna muhuri?"

"Upo, bibi."

Nilimtazama Truphena. Alikuwa anatazama dari. Nikaielewa njia anayoipita, na nikaelewa kwamba bei yake ni mimi. Hotuba ilikuwa tayari mdomoni. Nilihitaji neno moja tu kusema kwamba pametokea makosa, kwamba karatasi iliyotakiwa ni ya mwingine. Nikalimeza.

"Ni kweli, dada," nikasema. "Sijiwezi."

Mashavu alicheka mpaka Lina akamshika asiteleze kitini. Tangu aanguke sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Alipomaliza akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaiweka bakora ukutani.

"Njoo karibu, mwanangu," alimwambia Truphena. "Unaitwa nani? Truphena. Haya, Truphena, mimi ndiye ninayemjua huyu. Nitakuelekeza. Usimwamini akisema ameshakula, na usimpe kalamu, hatalala."

Kuanzia siku ile nyumba yetu ilipata mgonjwa mmoja na mafundi wawili. "Bibi," Truphena angesema asubuhi, "baba ni mzito. Naomba nijifunze kunyanyua na wewe kwanza, ndiyo nisimwangushe yeye." Na Mashavu, kwa ajili yangu, angekubali kunyanyuliwa. "Bibi, maji ya kumwogesha baba yanafaa yawe na moto kiasi gani? Jaribu wewe." Na Mashavu, kwa ajili yangu, angeoga. Alifanya mazoezi ya nyonga kila jioni ili nione mfano mwema. Mimi mwenyewe nilioga peke yangu kama kawaida, ila sikuruhusiwa kusema. Mkataba wa wazee wawili ulikuja kutoka Riyadh. Truphena akausoma kila mstari, akautia sahihi, akaufungia kwenye begi lake la mawe. Ijumaa mchana tunabaki wawili, na Mashavu hunilinda.

Ramadhani ilipoingia, Ziyad alikuja kufuturu nasi. Alikuja na lile gari kubwa, na viti vya nyuma amevilaza. Nililiona kupitia dirishani, nikairudisha tende sahanini.

Baada ya sala alikaa karibu na shangazi yake. "Haya, shangazi. Muda umefika. Nambie, nikupakie au nisikupakie?"

Mashavu alimtazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. "Twende Riyadh? Na baba yako abaki na nani? Huyu msichana mikono miwili tu. Mimi nikiondoka, Ghalib ataangaliwa na nani?"

Ziyad akanigeukia. Mtu mzima nikajiona nasimama nijibu, nieleze nani hasa anaangalia nani katika nyumba ile, kwa hoja na mpangilio.

"Baba," alisema Truphena kutoka mlango wa jikoni, "nishikie hii kidogo."

Lilikuwa sinia la mchele wa kuchagua mawe. Nikakaa, nikaliweka mapajani, nikaanza kuchagua.